Herufi Kumi na Saba za Mzee Kasonia

Jumatatu, 4 Februari 2002

Itangazwe kwa wakaaji wote wa Butembo, kwa jeshi la hapa, kwa jeshi la wageni, kwa wapiganaji Mayi-Mayi wa milimani na kwa wale ambao bado hawajachagua upande: bureau ya wakili wetu, Maître Kalala, imepata kiti cha pili! Cha mbao. Miguu minne, na yote inafika chini. Tangu leo mteja ataketi, na mimi nitaketi, saa ile ile. Maendeleo.

Kiti ni cha wazee. Maître ana wazo jipya. Yeye ni mtu wa Kasai, serikali ilimtuma huku kabla ya vita kwa kazi ya tribunal, mahakama. Kisha vita vikakata inchi, serikali ikabaki upande ule pamoja na mshahara wake. Donc sasa anauza sheria kwa familia. Ubao wa nje unasema: WOSIA – PROCURATION – ULINZI WA WAZEE. Mchoraji alikosa nafasi, neno la mwisho limetoka dogo, kama wenyewe wamesinyaa.

Kazi zangu ni tatu: kupiga mashine, kupika chai, kusikiliza. Ile ya tatu hakuna aliyenipa, nilijipa mwenyewe.

Swali moja tu: mtu wa mbali, kwa nini anapenda wazee wetu hivi? Naliandika, silijibu.


Jumatano, 6 Februari

Kiti kimezinduliwa. Aliyeketi wa kwanza ni Mzee Kasonia, yule wa kilimani nyuma ya soko. Umri wake sabini na nane kwa hesabu ya wamisionari, themanini na kitu kwa hesabu yake. Kofia ya sufu, koti la suti, miguu bila soksi. Alishika kiti kwanza, akakitikisa, ndipo akaketi. Mtu wa akili.

Shida yake ni hii. Parcelle yake ina nyumba mbili. Ya mbele, kubwa, amepangisha Ramazani, Mwislamu wa Beni mwenye malori, anaweka chumvi na sabuni. Ya nyuma ina vyumba viwili na kiwanja cha mboga. Humo anakaa yeye na Josée. Josée si binti yake, ni mtoto wa dada ya marehemu mke wake. Alikimbia Luofu vita vya kwanza, mwaka 96, na binti yake mgongoni. Akamuuguza mke huyo mpaka akafa. Kisha akabaki na mzee: kumwogesha, kumpikia, kumkata kucha. Miaka sita.

“Siku mutanizika,” mzee alimwambia Maître, “kesho yake batamutosha inje na sufuria yake. Si damu yangu, si ukoo yangu. Kwao Luofu ni masasi tu. Miye nataka ile nyumba ya nyuma ibakie yake. Basi.”

Ana mtoto mmoja tu aliyebaki, Kambere, mfanyabiashara wa Beni, duka karibu na kambi ya askari. Kambere ni jina la wa pili. Wa kwanza alikufa mchanga, kwa hiyo wa pili amekuwa wa kwanza na wa mwisho.

Maître alijibu haraka. Rahisi, Papa! Sheria inamwachia mzee sehemu ya kumpa anayependa, na nyumba ya nyuma inaingia humo. Tunaenda commune, ofisi ya serikali ya mtaa, ofisa anaandika ndani ya kitabu, mzee anaweka kidole, mashahidi wawili, asubuhi moja imekwisha. Ramazani amekwisha kukubali kuwa shahidi.

Rahisi! Hapa kwetu tangu vita najua vitu viwili rahisi: kufa, na kubadili kashe, muhuri wa ofisi. Na huyu Ramazani amekubali lini, kabla hata mzee hajaketi?


Jumanne, 12 Februari

Nimeona.

Saa tisa, nilitumwa kutafuta karatasi za kaboni. Mbele ya bar ya pembeni ya rond-point, mzunguko wa barabara, pickup ya bluu yenye matope ya njia ya Beni. Ndani ya bar, Kambere na Maître Kalala. Bia mbili mezani. Kambere anaongea na mikono, Maître anaandika ndani ya carnet. Kisha wakacheka. Kisha wakapeana mkono, na si ule wa salamu. Ule mrefu.

Nilirudi bila kaboni.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Mama Julie. Akaendelea kuchambua majani ya sombe. “Banaume babili banakunywa bia, njo kesi? Basi funga Butembo muzima.”

Nikamwambia: mwanamke, mmoja ni wakili wa baba, mwingine ni mtoto anayengoja kurithi.

“Na weye ni nani?”

Mimi ndiye ninayeona.


Ijumaa, 15 Februari

Maître alikwenda misa ya mazishi. Nikafungua kabati lake, nikatoa Code de la famille, kitabu cha sheria ya familia. Nilijifunza Kifaransa kwa maandishi ya magunia na makopo ya maziwa, kwa hiyo sheria nasoma polepole, lakini nafika. Nimefika! Imeandikwa wazi: mtu anaweza kuandika wosia wake wote kwa mkono wake mwenyewe, akatia tarehe, akatia sahihi. Basi. Hapana ofisa. Hapana mashahidi. Hapana Maître.

Nikakimbia kwa mzee. Josée alikuwa sokoni. Nikamweleza bia mbili, mkono mrefu, carnet. Nikamwambia kitabu cha commune kinakaa ndani ya droo, na droo ina ufunguo, na ufunguo una bei. Akisikia Kambere kwamba nyumba imetoka, hicho kitabu kitanyeshewa mvua siku moja, ndani ya nyumba yenye bati zima.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. “Kambere ni mutoto mugumu,” akasema, “mais si mwizi.”

Nikamuuliza: una hakika ya kutosha kuweka Josée juu yake?

Hapo akaangalia mlango, mahali kanga ya Josée ilikuwa imeanikwa.

“Miye sijuwe kuandika, Abdias. Karatasi yangu yote ni kidole.”

“Nitakufundisha.”

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza tunaanza lini.

Masharti yangu: siri ya watu wawili. Josée asijue, atafurahi, na mtu mwenye furaha anaongea. Nitakuja akiwa sokoni tu. Kila karatasi ya mazoezi itaingia motoni siku ile ile, kwa mkono wangu.


Alhamisi, 21 Februari

Somo la tatu. Nimepanga maneno yake mafupi kabisa, ili tusipoteze nguvu:

Mimi Kasonia naachia Josée nyumba ya nyuma na kiwanja chake. Nimeandika mwenyewe. Butembo.

Nimehesabu. Herufi kumi na saba zinatosha! Zile zingine Wazungu wabaki nazo. Naandika mimi mstari wa juu, yeye anafuata chini, kama mtu anayefuata nyayo ndani ya shamba la mwingine.

O aliijua mara moja: “Hii ni sahani.” K inamchekesha, anasema ni mutu anakimbia askari. J ni ndoano ya nyama. S ndiyo ugomvi.

“Hii ni nyoka. Sitaki nyoka mu jina yangu.”

“Mzee, iko ndani tangu ulibatizwa.”

“Na hakuna mutu aliniambia!”

Anashika Bic kama panga. Mkono unatetemeka, lakini hauachi. Nusu saa, jasho. Kisha makaa ya Josée, karatasi ndani, naangalia mpaka imekuwa nyeusi, navunja majivu kwa kijiti. Mzee ananitazama. “Unafanya kama mutu aliua.”

Sina aibu. Hakuna mtu atakayeokota somo langu na kulipeleka Beni.


Jumanne, 26 Februari

Redio: wakubwa wamefika Sun City, Afrika ya Kusini, kugawana inchi. Waasi, serikali, wote, na masanduku. Mama Julie anauliza kama mwenye inchi amekufa. Namwambia bado, lakini urithi umeanza.

Maître ameuliza mara mbili kwa nini Mzee Kasonia haji twende commune. Nikasema kikohozi. “Muambie asikawie, Abdias. Muzee na muzee, hatujuwe siku.” Sauti ya upole. Sauti ya upole kwangu ni kama mbwa asiyebweka, nahesabu vidole.

Mchana akaingia Kambere mwenyewe! Mrefu, koti la ngozi, simu ya satelaiti ya kukopa, ndefu kama mwiko, kwapani ili tuone. Amemletea baba blanketi na sukari. Akaniuliza mimi, akiegemea mashine yangu: “Papa Secrétaire, ile mambo ya baba ya commune imefika wapi? Mimi nataka iishe.”

Anataka iishe. Naandika kama alivyosema.

Nikamjibu: inaendelea. Nikaondoa kiwiko chake juu ya herufi.


Ijumaa, 1 Machi

Josée alinikamata. Alijifanya amekwenda sokoni, akarudi na kapu tupu, akasimama mlangoni. Bahati mzee alikuwa amelala, na karatasi ilikuwa tayari moshi.

“Wavukire, Papa Abdias.” Saa nane mchana, ananiamkia kama asubuhi! Ile ni matusi.

“Napita kumsalimu mzee.”

“Unapita siku tatu kwa juma, tu wakati miye siko. Unafunga mulango. Mu mbabula yangu nakuta majivu ya karatasi, miye napika na makaa. Unamunywesha muzee nini?”

“Sala.”

“Sala gani inachafua vidole na wino?”

Nikaangalia vidole vya mzee. Bluu, vitatu.

Ningemwambia. Kweli, neno lilifika kwenye meno. Lakini nikafikiri: akijua atakwenda kwa Ramazani kushukuru Mungu kwa sauti, Ramazani ana lori Beni kila siku ya pili, na kesho Kambere yuko hapa. Nikachukua kofia yangu.

“Miye si wa hapa,” akasema nyuma yangu, “mais niko na macho. Ramazani naye iko na macho. Tulishaongea.”

Walishaongea. Unaona? Hata yeye. Mtu unamwokoa, naye anakuhesabu hatua.


Jumanne, 5 Machi

Milio ya masasi tangu alfajiri upande wa milima. Soko halikufunguka. Hapana somo.


Jumamosi, 9 Machi

Mzee ameandika jina lake bila kufuata mstari wangu.

Kasonia. Lote. S imelala kidogo, lakini ni S. Aliweka Bic chini, akaliangalia jina kwa mbali, kwa karibu, kwa mbali tena. Akaniambia baba yake alibeba mpira mbichi wa mashamba ya Wazungu miaka kumi na moja, na kila mwisho wa mwezi aliweka kidole, hakujua kamwe kidole kimekubali nini.

Kisha akafanya utoto. Niligeuka kuchoma karatasi, nikigeuka tena amesimama jikoni na kipande cha makaa, anaandika ukutani, kubwa, KASONIA. Anataka Ramazani aone! Anataka mwalimu wa kwaya aone!

Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta.

Alikasirika. Ukuta umebaki na doa jeusi tu. Nikamweleza tena: ukionyesha mkono wako leo, kesho watakuja kuushika. Akasema, “Ndiyo, mwalimu.” Alisema kama mwanafunzi anayengoja kengele.


Jumatano, 13 Machi

Leo.

Niliketi mbali, kwenye kitanda, ili mkono uwe wake peke yake. Karatasi safi, nilimletea tatu, aliharibu mbili. Ya tatu ilichukua saa nzima na dakika kadhaa. Alipumzika baada ya “nyumba” kama mtu aliyefika nyumbani kweli. Alisahau “chake”, akaliona mwenyewe, akaliingiza. Tarehe, 13 machi 2002, akaimba namba moja moja. Sahihi.

Nilisoma kwa sauti. Hakuna kosa. Mistari mitano, inapanda kidogo kuelekea kulia, kama njia ya kwake.

“Sasa iko nguvu?”

“Ina nguvu kama ya ofisa. Zaidi.”

“Josée atakaa.”

“Atakaa.”

Nikamwambia aifiche. Akakataa. Ndani ya nyumba hii, Josée anafagia hata chini ya mawazo. “Kamata weye. Weye njo hauamini mutu.” Nimeiweka ndani ya bahasha, ndani ya Biblia yangu. Mazoezi ya mwisho na zile mbili zilizoharibika, motoni.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu haitokei mara nyingi. Wakili mwenye kabati la vitabu, mfanyabiashara mwenye pickup, na mimi wa makopo ya maziwa nimewapita wote kwa Bic moja.


Jumatatu, 18 Machi

Mzee Kasonia amekufa. Asubuhi, akivaa kiatu. Presha, wanasema. Josée alimkuta ameinama tu, mkono juu ya kamba.




Jumatano, 20 Machi

Tumezika. Mvua, matope mekundu mpaka magotini. Kambere alifika jana na pickup, mbao nzuri za jeneza, mchele, kila kitu. Alichimba mwenyewe kidogo, na koti lile la ngozi. Alilia kwa sauti, bila kuangalia nani anamwona. Nilimchunguza sana. Kama aliigiza, aliigiza vizuri kuliko kwaya.

Josée alipika kwa watu mia mbili. Hakuna aliyemwambia aketi.

Kambere ametangaza: siku ya posho, Jumamosi, familia inaketi, mambo ya parcelle yaishe kabla ya yeye kurudi Beni. Nikamwambia nitakuwepo, nina neno la marehemu. Akaniangalia kama ameona mtu ndani ya nyumba yake.


Jumamosi, 23 Machi

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu kichwa hakina mpangilio.

Saa nne, nyumba ya mbele, magunia yamesogezwa. Wajomba wawili wa ukoo wa mzee kutoka Mutwanga, Kambere, Ramazani kama jirani, Maître Kalala kama sheria. Wanawake jikoni nyuma, Josée pamoja nao. Nikatoa bahasha. Nilikuwa nimepanga hotuba, nikasema nusu, nikampa Maître karatasi.

Alisoma. Alisoma tena. Akavua miwani.

“Abdias. Kwa nini umeandika hii?”

Nikasema hapana, mzee ameandika, mkono wake, sheria inasema hivi na hivi. Mjomba mkubwa akacheka kwanza, kisha akakasirika. Kasonia kuandika! Alikua naye, alizeeka naye, hajawahi kushika hata chaki. Kambere akaenda nyumba ya nyuma, akarudi na karatasi zote za baba yake: ya kahawa, ya kodi, ya ubatizo wa watoto, ya kupangisha nyumba. Akazipanga juu ya gunia. Vidole. Kidole, kidole, kidole. Miaka arobaini ya kidole gumba.

Maître hakupiga kelele, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alisema huu mwandiko anaujua, anausoma kila siku ndani ya kaye, daftari la bureau. Herufi zimelala hivi, mikia imepinda hivi, hazifundishwi kwa shule yoyote.

Ni kweli. Mimi sikwenda shule. Nilinakili herufi zangu kwenye vyeti vya ubatizo vya padri mmoja mzee, Mzungu, amekufa zamani. Na mzee alinakili zangu, mstari kwa mstari, nyayo kwa nyayo. Katika Butembo nzima walikuwa watu wawili wanaoandika hivi, na mmoja tumemzika juzi.

Wakanipa Bic. Andika maneno yale yale, mbele yetu. Nilifikiri kupindisha mkono, nakiri hapa. Lakini mkono una mazoea. Wakaweka karatasi mbili kando kando, wakainama wote. Nikawaambia: angalieni ya mzee inatetemeka! Kambere akasema, “Umetetemesha muzuri.”

Nani alimwona akiandika? Mimi. Mazoezi yako wapi? Nilichoma. Kwa nini ulichoma? Nikasema ili siri isitoke. Mjomba mdogo akarudia neno langu polepole, kwa wengine, kama mtu anayeonyesha nyoka: siri.

Kisha Ramazani. Aliapa kwanza, hakuna aliyemwomba. “Miye sina shida na Papa Abdias. Mais kweli ni kweli. Josée alikuya kwangu na woga, akasema huyu papa anaingia wakati yee hayuko, anafunga mulango, anachoma makaratasi, muzee anabakia na wino ku vidole.” Yote kweli. Hakuongeza hata nukta. Nilingoja uongo ili nimkamate, hakusema hata mmoja.

Wakamwita Josée. Uliona muzee anaandika? Hapana. Ulisikia anasema anajua kuandika? Hapana. Uliona doa jeusi jikoni? Niliona doa. Doa la nini? Sijuwe. Wakamrudisha jikoni.

Bado kuna hili. Maître akatoa carnet yake, akamsomea kila mtu ukurasa wa 12 Februari. Siku ya bia. Kambere, mwana, anakubali baba ampe Josée nyumba ya nyuma, anaomba iandikwe commune, mbele ya Ramazani, pasiwe na maneno kesho. Chini, sahihi ya Kambere.

Niliomba kuishika. Niliangalia wino, niliangalia ukurasa wa mbele yake na wa nyuma yake. Wino ni wa zamani. Kurasa zinafuatana. Nimetafuta ujanja mpaka macho yameniuma.

Inawezekana angebadilika. Watu wanasaini kitu Februari, wanakisahau Machi, kwa nini yeye asisahau? Mtu mwema hana haja ya koti lile. Sijui. Sitajua.

Kambere alisimama. “Mimi ningetoa. Muliona, niliandika. Mais munidanganye na bongo, mu kilio ya baba yangu? Hapana. Ile mama akae mupaka Pasaka, kisha atoke.”

Pasaka ni tarehe thelathini na moja. Maître aliniambia kando kwamba nipumzike kidogo nyumbani, atanitumia neno. Karatasi ya mzee ameichukua Kambere. Hakuipasua. Aliikunja sawasawa, akaiweka ndani ya mfuko wa shati.

Mama Julie aliweka chakula, akakaa kando yangu mpaka nimemaliza.


Jumatatu, 25 Machi

Josée amekuja kwangu saa mbili, na binti yake. Alikataa kuingia. Tulisimama mlangoni.

Aliuliza: ile karatasi ilikuwa inasema nini, kweli kweli? Kumbe hakuna aliyemsomea. Siku tatu watu wanagombana juu ya jina lake, naye hajasikia maneno. Nikamwambia kwa kichwa, yote, pamoja na tarehe.

Akaniomba nirudie pale pa kiwanja. Nikarudia.

“Na uliandika weye?”

“Hapana. Ni yeye. Herufi kumi na saba, Josée, nilimfundisha moja moja. S ilimsumbua.”

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto mwenye sukari mdomoni, unapoamua kutomchapa.

“Aksanti, Papa Abdias,” akasema. “Ata kama ni weye. Hakuna mutu mwingine alijaribu.”

Nikaapa. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, amekubali, akanishika mkono kwa mikono miwili, ule wa kuume, uliozoea.

Kisha akauliza gari ya Luofu inatoka siku gani.

Hakuna gari ya Luofu. Njia imefungwa na vita tangu Alhamisi.